Aliyeitikia Hodi

Kalume ni rafiki yangu, fundi wa mitambo, na siku hizi hapiti Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, hata jua likiwa la utosi.

Aliitwa kule kwa sababu pampu ya kuvuta maji ya bahari imekufa, na vibarua wa chumvi wamekaa bure. Bodi ya elektroniki inayoiendesha ilikuwa imepoteza programu ya kuiwashia. Nje, chumvi ilimetameta kwa weupe. Ndani ya kibanda cha pampu kulikuwa giza, na maji yakigonga kuta za kisima kilichokuwa wazi sakafuni.

Akachomeka waya wa mtandao kwenye bodi. Ncha ya pili akaiweka mezani, kando ya kompyuta yake iliyokuwa bado imefungwa, kisha akawasha bodi.

“Sasa itapiga hodi kwenye waya, iombe programu,” akamwambia Kadii, msimamizi wa vibarua, aliyesimama mlangoni.

“Na ni nani wa kuiitikia?”

“Kompyuta yangu, nikishaifungua.”

Kioo kidogo cha bodi kikaandika: Inatafuta. Halafu kikaandika: Inapokea. Nukta zikaanza kujipanga kiooni, na maji kisimani yakanyamaza.

“Kaka Kalume,” Kadii akauliza kwa sauti ya chini, “ushaifungua?”

Kalume akanyoosha mkono kuichukua ncha ya waya. Alipapasa meza nzima, ile ncha haikuwapo. Akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye bodi, ukapita ukingo wa meza, ukatumbukia kisimani. Ulikuwa umekazika kama mshipi ulionasa samaki. Kitu huko chini kilikuwa kikiuvuta, kikiulegeza, kikiuvuta tena, na kila kilipovuta, nukta moja iliongezeka kiooni.