Injini ya Ogola

Jioni hiyo Kosgei alitoka karakana ya reli ya Nakuru mapema, sanduku kwapani. Nyumbani kulikuwa na kazi ya wanawake, na yeye alitakiwa kukaa nje, anyamaze, angoje. Tena ilikuwa miaka ya kafyu, ya kutotembea usiku, na kafyu haikujali kama mtu ana mtoto mchanga.

Mtoto huyo alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza, Jeruto mkewe aliwazika hata hawajapata jina. Huyu naye alikuwa amekataa ziwa, ndipo mama yake Kosgei, Chepchirchir, akashuka kutoka Londiani kuja kumwita. Kwao mtoto huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Lile atakalolipigia chafya ndilo lake, na mwenye jina humshika asiondoke. Asipopiga chafya... mama hakupenda kumalizia maneno hayo.

Kosgei akaketi nje ya mlango wa chumba chao cha landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, jiko la makaa kando, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na injini ndogo ya shaba, mfano wa zile kuukuu zilizobeba maji yao kwenye matangi ya ubavuni na kupanga mabehewa kwenye yadi ya reli. Fomeni mmoja Mzungu alimwachia dereva Ogola vipande vyake alipostaafu. Ogola, rafiki wa Kosgei, aliunganisha magurudumu na matangi. Kisha bomba la mvuke likampasukia usoni, huko yadini, giza likiingia. Akazikwa makaburi ya mjini, mbali na kwao ziwani, na mjane wake alililia jambo hilo kuliko kifo chenyewe.

"Malizia tu, shemeji," mjane huyo alimwambia Kosgei. "Niwapelekee watoto."

Ndani, sauti ya mama ikaanza polepole.

"Kiplangat... ni wewe?"

Kimya.

Kosgei alipasha chuma chake makaani, akalehemu mlango wa tanuri. Ndani likaitwa jina jingine. Kimya. Na jingine. Alisikia Jeruto akilia chini chini, kilio cha mtu anayejua njia ya makaburini.

Kikabaki kipande kimoja, bomba la moshi. Akalilehemu, likashika.

Sasa, karakanani kulikuwa na desturi. Injini ikipona, fundi huigonga tangi kwa spana na kumwita dereva wake kwa jina, aje aichukue. Kosgei alikuwa ameifanya miaka mingi, hata mdomo haukungoja kichwa. Ulimi hauna mfupa.

Akagonga.

"Ogola, chukua gari lako."

Ndani, mtoto akapiga chafya.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama alinong'ona, "Umeita nani wewe?"

"Mama, nilikuwa tu..."

"Ni wa kwetu?"

"Hapana."

Mama akaketi palepale chini. "Basi ameingia," akasema.

Kosgei akaingia, wakamwita Kiplangat tena. Mtoto hakugeuka. Alikuwa akinyonya kwa nguvu, na Jeruto alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. "Muacheni," alisema. "Ananyonya. Jina ni jina." Nani angemlaumu? Lakini chumba kizima kilinuka mafuta moto na makaa.

Kosgei aliogopa. Akatoka, akaishika ile injini, akaitupa jikoni iyeyuke.

Mtoto akapiga mayowe.

Kosgei akachungulia ndani: mgongo wa mtoto ulikuwa umeiva mwekundu, malengelenge yanafura. Kosgei akaichopoa injini kwa mkono mtupu, na mayowe yakakoma. Lakini moto ulikuwa umelainisha lehemu. Chini ya bomba la moshi palikuwa na ufa mwembamba wa unywele.

Kisha kifuani mwa mtoto ikatoka sauti kama ya mvuke unaovuja.

Ssss...

Mama akaita, "Ogola, tulia." Ssss... Kosgei akapiga magoti mlangoni, kando ya jiko, injini mbele yake. "Rafiki yangu," akanong'ona, "huyu si gari lako." Kila pumzi ilipotoka, ufa uliongezeka kidogo. Aliuona kwa macho yake. Akapasha chuma, akakisogeza kwenye ufa taratibu. Mtoto akalia, ngozi ikaanza kuiva upya. Akakiondoa. Ile sauti ikarudi, ndefu zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Tone moja la lehemu. Alikuwa ameifanya maisha yake yote.

Mbali yadini injini ikapiga honi. Mtoto akafumbua macho, akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

Ssss...

Jeruto alikuwa amekwisha acha kucheka. Alimpa mama mtoto, akaja mlangoni, akaiokota ile injini na kumnyooshea mumewe kwa mikono miwili.

"Wewe si ni fundi?" akasema. "Itengeneze."