Pistoni Haiko Sufuria

Katika mutaa wetu hapa Bunia, kila mutu anajua sufuria za Régine. Anazisugua kila asubuhi na majivu na muchanga. Zinang'aa mpaka unaweza kuchana nywele mbele yake. Mimi jirani wake naziona vizuri, sababu ukuta kati yetu ni mufupi, na Mungu alinipa shingo murefu.

Régine na bwana yake Paul walikimbia vita kule Djugu. Walipanda gari na mutoto wao wa kwanza Gracia na wadogo wake, godoro moja, na moteri ya mashine yao ya kusaga mihogo. Watu katika gari walinung'unika. Mutu gani anakimbia na chuma?

"Watoto watakula godoro?" Régine aliwauliza.

Walipofika, waliweka moteri nyuma ya jiko. Mvua ilinyesha, jua likawaka, mvua ikarudia. Bomba la moshi lilikuwa wazi, linaangalia mbingu. Hakuna mutu alilifunika.

Halafu Paul akapata nafasi karibu na soko, mahali kulikuwa kinu cha kusaga bila moteri. Akaenda kuwasha moteri. Alishika manivele, ule mukono wa kuzungushia, akavuta na nguvu yote. Moteri ikanyamaza kama mama-mukwe ambaye hukumusalimia.

"Imekufa," Paul akasema. "Munya-vyuma, yule wa kununua vyuma vya zamani, anapita juma hii na gari yake. Tuiuze."

"Mashamba yetu ilibaki Djugu, Baba Gracia. Shamba letu sasa ni ile moteri. Ukiuza, tutalima nini?"

Paul akainuka. Alienda kutafuta nyundo. Régine naye alienda kutafuta Emérance.

Emérance ni fundi, mutu wa Butembo. Anatengeneza pikipiki na mashine za kusaga kando ya barabara. Kujisifu anajua pia.

"Mwanamuke ndiye atafungua moteri?" Paul akauliza.

"Moteri haikuuliza," Emérance akajibu. "Weka ile nyundo chini, Baba Gracia."

Alifungua kichwa cha moteri. Ndani ya silinda kulikuwa kutu.

"Maji iliingia kwa bomba. Pistoni imeshika, lakini haikufa. Ukiipiga na nyundo, ndiyo utaiua."

Alichanganya mazuti, ile dizeli ya malori, na mafuta ya moteri, akamimina juu ya pistoni. "Sasa tuiache ikunywe."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka itosheke. Weye ukikaa kunywa pombe yako ya kasiksi, nani anakuharakisha?"

Paul aliangalia viatu vyake. Mimi nilicheka upande wangu wa ukuta, pole pole.

Kesho yake Emérance aliongeza mafuta. Alizungusha gurudumu kidogo mbele, kidogo nyuma. Halafu akaweka kipande cha mbao juu ya pistoni, akagonga polepole. Chuma haikugusa chuma. Pistoni ikasogea kama upana wa kidole. Paul akaondoa kofia yake.

Pistoni ilipotoka, ilikuwa nyeusi kama chungu cha matanga. Pete zake za chuma zilikwama ndani ya mifereji, sababu ya masizi. Emérance aliitia katika beseni ya petroli ili masizi ilainike, akaenda kuangalia pikipiki ya mutu.

Sasa, Régine akabaki peke yake na kitu kichafu. Weye unamujua. Mukono wake ulishuka chini, ukashika muchanga.

"Mama Gracia, hapana!" Emérance alikuwa amerudi kuchukua ufunguo wake wa nati. "Acha ile muchanga."

"Iko chafu. Naisugua kama sufuria."

"Sufuria inakaa. Pistoni inakimbia. Tena pistoni ni laini. Punje moja ya muchanga itaingia ndani yake na kukwama. Halafu itakwaruza silinda juu na chini, siku muzima. Weye unasaga mihogo, muchanga unasaga moteri."

Régine alimwaga muchanga. Alipangusa vidole kimoja kimoja, sababu kiburi cha sufuria si kitu kidogo.

"Basi nionyeshe," akasema.

"Kwanza peleka mbabula yako ya makaa mbali. Petroli na moto si marafiki."

Emérance alitoa pete polepole, akazipanga kwa mbao jinsi zilivyokuwa, ya juu juu, ya chini chini. Moja ilivunjika. Hakuitupa. Alimupa Régine kipande chake.

"Hiki kinaenea sawasawa katika mufereji. Toa masizi nacho, bila nguvu. Juu ya pistoni tumia kijiti cha mbao na kitambaa."

Kisha walijaribu pete zingine, moja moja, ndani ya silinda. Emérance aliangalia nafasi kati ya ncha zake.

"Nafasi ikiwa kubwa, pete imechoka, tunabadilisha. Hizi ziko wazima. Kitu hatukitupi sababu ya uchafu wake."

Walinunua pete moja mupya na joint ya kichwa, ile ya kuziba moshi usitoke. Kutu ya silinda Emérance aliitoa yeye mwenyewe. Régine alisafisha mifereji, akaosha, akapangusa, akarudia. Emérance alileta pistoni kwenye jua, akatafuta kosa. Aliigeuza. Akatafuta tena.

"Mama Gracia, weye utaninyang'anya kazi."

Walipaka mafuta, wakarudisha kila kitu nafasi yake.

Munya-vyuma alikuta Paul ameshika manivele. Alitaka kusema bei. Paul akazungusha. Moteri ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, halafu moshi ukapunguka na sauti ikawa moja.

"Bei gani?" munya-vyuma akapaza sauti.

"Ya kusaga?" Paul akamuuliza. "Uko na mihogo?"

Leo wamama wanapanga beseni zao pale karibu na soko tangu asubuhi. Jioni, moteri ikipoa, Gracia anafunika bomba na kopo. Na Jumapili Régine anaenda kanisani na kucha nyeusi, zile sabuni haikuweza kusafisha. Wimbo ukianza, mikono inapanda, na wamama wa mbele wanageuka kuangalia ile mikono. Yeye anaipandisha juu zaidi.