Hakuna Mtu Ndani ya Trela

Mwili ulikuwa umelala kifudifudi juu ya ubao mtupu, ndani ya trela lililobonyea kama kopo lililokanyagwa na lori.

Inspekta alishuka bondeni kwa kamba huku mawe yakiporomoka chini ya buti zake. Alipoingiza kichwa dirishani, kilichomkabili kwanza haikuwa damu. Ilikuwa harufu. Haikuwa ya kifo, maana kifo kilikuwa na saa mbili tu. Ilikuwa harufu ya mkojo wa siku nyingi iliyochanganyika na manukato makali ya vile vikadi vinavyotundikwa kwenye magari. Alivihesabu. Vilikuwa saba, vyote vimefungwa kwa uzi juu ya kitanda cha marehemu.

Akavua kofia na kufumba macho. "Ee Mungu, mpokee," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaivaa tena, kwa kuwa kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

"Mwanamke, miaka kama themanini," alisema Koplo, dada mrefu aliyekuwa ametangulia kushuka. "Shingo imevunjika. Na mgongoni, afande, ana vidonda. Vya kulala muda mrefu bila kugeuzwa. Nguo imegandamana na nyama."

"Mlango?"

"Umefungwa kwa komeo la nje."

Inspekta alilitazama komeo. "Nani humweka binadamu ndani ya trela linalovutwa mlimani, tena akamfungia kwa nje?"

"Mwanawe wa kumzaa. Yuko juu barabarani na mkewe."

* * *

Pikapu ilikuwa imeegeshwa ukingoni mwa barabara, safi, haina hata mkwaruzo. Pembeni yake alisimama mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa msimamizi wa ghala kubwa la vifaa vya ujenzi. Mkewe alikuwa amekaa ndani ya gari, kijibwa cheupe mapajani, akijipaka losheni mikononi.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema.

"Asante, mzee. Ni kazi ya Mungu."

"Tuanze na kazi ya watu kwanza. Ilikuwaje?"

"Tulikuwa tunaenda kupiga kambi juu ziwani. Mama apate hewa safi. Kwenye mpando huu injini ikachemka, tukasimama dakika ishirini ipoe. Tulipoondoka tu, nikasikia gari limekuwa jepesi. Kutazama kiooni, trela linarudi nyuma peke yake. Likaenda, likaenda, likatumbukia."

"Kwa nini hakukaa nanyi ndani ya gari? Naona kiti cha nyuma kipo."

Mke alijibu kabla ya mumewe. "Pale anakaa mbwa." Akashtukia jicho la Inspekta, akaongeza haraka, "Na kule angejinyoosha. Tulimtakia mema tu, baba."

"Mwenye kosa mnaye tayari," msimamizi alisema. "Yule fundi wa kuchomelea. Siku kumi zilizopita alinifungia chuma cha kuvutia trela. Ametuulia mama kwa kazi yake mbovu. Mkuu wako wa kituo nimeshaongea naye kwa simu."

"Wewe ulikagua kabla ya kuondoka?"

Mwanamume akajivuta juu kidogo, kama mtu aliyeguswa mahali anapojivunia. "Mimi? Mimi nakagua kila ninaposimama, kwa karatasi na kalamu. Kazini wananiita Bwana Alama. Miaka kumi na tisa sijaweka alama kwenye kitu ambacho sijakifanya."

"Karatasi ya leo iko wapi?"

Bwana Alama alitazama lami. "Imepotea kwenye purukushani."

Mkewe alitoa kichwa dirishani. "Samahani, afande, hamna maji ya kunawa? Harufu hii inang'ang'ania mtu."

Inspekta alimgeuzia mgongo.

* * *

Kituoni, fundi alikuwa mahabusu tangu saa tano. Alikuwa mtu mfupi mwenye makovu ya cheche hadi shingoni, na watu walimwita Cheche. Nje ya kaunta mkewe alisimama na mtoto mgongoni, akishika kopo la uji ambalo hakuna aliyelipokea.

"Saa tisa gari la mahabusu linaondoka," Mkuu wa kituo alisema. "Nataka awemo. Mtu ameua bibi wa watu kwa kulipua kazi, wewe unazungukazunguka nini?"

"Nikopeshe huyo fundi mpaka saa tisa, afande."

"Umpeleke wapi?"

"Kwenye chuma chake."

Alimpeleka na pingu zake, Koplo akiwa nao. Wakati huo winchi ilikuwa imekwisha kulipandisha trela, nalo lilikuwa limelala ubavu kando ya barabara. Mwili ulikuwa umepelekwa hospitali, msimamizi na mkewe kituoni, na pikapu imebaki palepale. Fundi Cheche alipouona ubavu uliopasuka, machozi yalimlengalenga.

"Marehemu ni Bibi Cherehani, sivyo?" aliuliza. "Sare yangu ya kwanza ya shule alinishonea yeye. Mwanawe naye alimsomesha kwa cherehani ileile."

"Utalia baadaye. Sasa nifundishe. Mimi gari langu huvuta vumbi tu."

Fundi akajifuta pua kwa bega, akachuchumaa nyuma ya pikapu. "Hili hapa tufe la chuma. Trela lina kikombe mbele, kinakaa juu ya tufe hili. Kazi yangu ni tufe na bamba lake. Tazama nilivyochomelea. Kuna ufa?"

Inspekta alipiga magoti, akapitisha kidole. Hapakuwa na ufa. Tufe lilikuwa zima, linang'aa kwa grisi.

"Endelea."

"Kikombe kina komeo lake na pini. Ukikifunga, hata ukipanda ukuta hakichomoki. Sasa njoo huku." Akasogea kwenye trela. "Komeo liko wazi, na halijapinda. Pini hii hapa inaning'inia kwenye kamba yake. Pini ikikatika, utaona imekatika. Hii imetolewa kwa vidole."

"Mtu anaweza kusahau pini."

"Anaweza. Ndiyo maana kuna minyororo miwili. Kikombe kikiruka, minyororo inashika. Iko wapi?"

Koplo aliiona. Ilikuwa imekunjwa vizuri na kurudishwa kwenye vishikizo vyake mbele ya trela, kama ya trela lililoegeshwa uani.

"Na mtu akisahau minyororo?"

"Basi kuna huu waya mwembamba. Ncha moja unaifunga kwenye pikapu. Trela likikimbia, waya unavuta kipini na breki zake zinajifunga zenyewe. Sukuma tairi hilo, afande."

Inspekta alisukuma gurudumu lililokuwa hewani. Likazunguka taratibu bila kukwama. Waya ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa kifundo cha kipepeo.

"Kimoja ni usahaulifu," fundi alisema polepole. "Viwili ni uzembe. Vitatu, Mungu anisamehe, mimi vitatu sijawahi kuviona."

Inspekta alisimama akalitazama lile trela. Kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu asubuhi. Akaingiza kichwa tena dirishani. Ubao mtupu. Makabati matupu. Hata jiko halikuwemo, matundu ya skrubu tu.

"Koplo, huyu bibi alikuwa na vidonda mgongoni. Kwa nini alilazwa kwenye ubao?"

Koplo alikwenda kwenye pikapu, akafungua kamba za turubai lililofunika mzigo, akalivuta.

Chini yake kulikuwa na godoro jipya lililofungwa na nailoni. Jiko la gesi lilizungushiwa blanketi. Kulikuwa na runinga ndogo, seti ya vyombo vya udongo, viti viwili vya kukunja, na mito minne.

"Mama yangu wee," Koplo alisema. "Wameokoa kijiko, wakamwacha mzazi."

Pembeni ya mito kulikuwa na mfuko wa chakula cha mbwa. Koplo alitumbukiza mkono, akakunja pua. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Inspekta aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma mara ya pili. Kisha akaikunja tena mara nne, akaitia mfukoni.

* * *

Saa nane na nusu. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na feni isiyozunguka. Bwana Alama aliketi, akazipanga kalamu zake tatu mezani kwa urefu.

"Mkeo ameshasema," Inspekta alianza.

"Amesema nini?"

"Kwamba mizigo mliihamisha pale mliposimama. Dakika ishirini. Yeye alibeba vyombo, wewe ukabeba godoro. Nani alimwinua mama yako?"

Bwana Alama aligusa kalamu ya kwanza.

"Nimekuuliza, nani alimwinua?"

"Mimi."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama tumefika."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado kidogo." Alisogeza kalamu ya kati, inyooke na wenzake. "Nilihamisha mizigo ili kupunguza uzito, afande. Mpando ni mkali."

"Mzigo ulioutoa kwenye trela umeupakia kwenye pikapu inayolivuta trela hilohilo. Injini ni moja. Umepunguza uzito upi?"

Inspekta aliiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. Ilikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula, na safu tatu: Nyumbani, Kituo cha Mafuta, Kwenye Mpando.

"Hii ndiyo iliyopotea. Kwa nini hukuichana?"

"Karatasi ya ukaguzi haichanwi," mwanamume alijibu, karibu kwa hasira. "Inatunzwa miaka saba."

"Vizuri. Safu ya tatu. Vioo, umeweka alama. Matairi, alama. Turubai, alama. Mbwa yumo garini, alama. Komeo na pini, hakuna. Minyororo, hakuna. Waya wa breki, hakuna. Safu mbili za kwanza zote zina alama. Hii ya tatu kwa nini ina nafasi tatu wazi?"

"Kwa sababu..."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sikuvifunga!" Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. "Nilivifungua. Mimi siweki alama ya uongo."

Koplo, aliyekuwa akiandika maelezo, aliinua macho, kisha akayarudisha kwenye daftari.

"Ulivifungua ili iweje?"

"Ili iishe." Sauti ilishuka. "Wewe hujui, afande. Shuka asubuhi, shuka jioni. Mke wangu hali chakula. Nikifika kazini, watu wananinusa. Nilivumilia. Mwezi uliopita wakubwa wangu walikuja kula kwangu. Nilikuwa natarajiwa kupandishwa, nikabidhiwe maghala yote manne. Tumekaa mezani, yeye akatoka chumbani, amelowa mpaka miguuni. Akaja mpaka kwenye kiti changu, akanishika kichwa. Mbele yao. Akaniita 'kitovu changu'."

"Halafu?"

"Wakacheka."

"Halafu?"

"Halafu nikanunua trela."

Feni isiyozunguka ilining'inia juu yao. Kule nje mtoto wa Fundi Cheche alikuwa analia, na mama yake anamtuliza.

"Ukampakazia fundi."

"Fundi yeyote angefaa. Chuma kikivunjika, watu hawaulizi zaidi."

"Lakini chuma hakikuvunjika."

"Nilidhani trela likichomoka lingekivunja." Alikunja uso, kama mtu aliyeletewa shehena yenye upungufu. "Alichomelea vizuri kuliko nilivyotarajia."

Inspekta alitaka kutoka. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, na alijua asipokisema pale, kitamfuata mpaka kwenye maombi yake.

"Mstari wa mwisho," alisema. "Usome."

Bwana Alama aliinama. "'Hakuna mtu ndani ya trela.' Ni kanuni ya usalama. Hairuhusiwi abiria kukaa ndani likiwa linavutwa."

"Umeweka alama?"

"Nimeweka."

"Nyumbani?"

"Ndiyo."

"Kituo cha mafuta?"

"Ndiyo."

"Kwenye mpando, baada ya kumlaza kwenye ubao kwa mikono yako?"

Mwanamume aliitazama ile alama ya tatu. Ilikuwa imechorwa kwa utulivu, mkia wake umepanda juu vizuri. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulivurugika, na Koplo alidhani kwamba sasa, hatimaye, atalia.

"Afande," alisema. "Naomba ruhusa nirekebishe hapo."

Akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Inspekta alizikusanya zote tatu, akazitia mfukoni mwake. "Mrudishe ndani," alimwambia Koplo. "Na mkewe aandikiwe maelezo upya, kwa onyo, kama mtuhumiwa."

Alikwenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga. Akanawa tena. Manukato ya vile vikadi bado yalikuwa puani.

* * *

Gari la mahabusu lilikuwa linanguruma uani. Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo akiwa wima, akakaa chini, akaashiria kwa mkono tu fundi afunguliwe.

Fundi Cheche alitoka akisugua vifundo vya mikono. Mkewe alimkabidhi kopo la uji, naye akalinywa lote bila kupumua. Kisha, badala ya kuondoka, akarudi kaunta.

"Afande, mwili wa bibi nani atauchukua?"

"Mpaka sasa hakuna aliyeuulizia," Inspekta alisema. "Mkwe ameulizia mbwa."

"Basi niandikeni mimi."

Koplo alifungua kitabu. "Uhusiano wako na marehemu?"

Fundi alijikuna shingo yenye makovu, akafikiri.

"Andika tu alinishonea sare," alisema. "Akaniwekea na upindo mkubwa, ili nikikua, ishushwe."