Swali la Kumi na Nne

Ti, ti, ti, ti. Gari lilikuwa likilalamika kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda, na ndani ya gari zima alikuwamo mtu mmoja tu, dereva, ambaye mkanda wake aliufunga tangu Kasulu.

Nurudini alinyoosha mkono akaipapasa siti ya kushoto. Tupu. Hakukuwa na mkoba, wala chupa ya maji, wala ile fomu ya tathmini, maana fomu alikuwa ameikalia mwenyewe. Akaipiga ile siti kofi la nguvu, kama mtu anayemwamsha utingo mvivu. Kengele haikunyamaza.

“Gari jipya,” alisema peke yake. “Halijamaliza hata siku moja, limeshaanza vituko.”

Alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa miaka kumi na sita aliendesha malori katika njia hizi za vumbi na utelezi, mpaka uti wa mgongo ukasema basi. Daktari alimwambia lori lingine litamlaza kitandani moja kwa moja. Ndipo mwaka ule wa 2014 ikajitokeza kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotaka kuuza gari dogo, fupi kwa umbo na refu kwa miguu, la rangi ya chungwa, walilolipa jina la Chiriku. Gari la vijana, walisema, la mjini na la porini. Walitaka dereva mzoefu wa kulijaribu kwa siku tano kati ya Kasulu na Kibondo, awapandishe vijana watoe maoni yao, ajaze fomu yenye maswali kumi na manne. Fomu ikikamilika Jumamosi jioni, na majibu yakiwa ya kuuzika, Nurudini atakuwa wakala wao Kasulu. Atakaa kwenye kiti chenye mto, atauza magari badala ya kuyaendesha. Isipokamilika, kuna mtu wa Kigoma mjini anaisubiri nafasi hiyo. Kazi nyingine Nurudini hakuijua, na mgongo wa akiba hakuwa nao.

Kengele ilianzia kwenye kizuizi cha zamani cha Mlima Bendera, katikati ya msitu, nusu ya njia ya kwenda Kibondo. Miaka ya ujambazi hakuna dereva aliyevuka pale bila askari wa kumsindikiza. Unasimama, unafungua mlango wa kushoto, unasema “Karibu afande,” unamsubiri akae na bunduki yake katikati ya magoti, ndipo unaondoka. Ukirudi unamshusha pale pale. Nurudini alifanya hivyo miaka na miaka. Sasa njia ilikuwa shwari, askari walishaondoka, na kizuizi kilibaki nguzo mbili za chuma zilizoliwa na kutu. Lakini mazoea yana tabu. Asubuhi ile ya Jumanne, katika ukungu, mguu ulikanyaga breki wenyewe, mkono ukafungua mlango wa kushoto, na mdomo ukasema, “Karibu afande.” Alikaa hivyo kwa muda unaomtosha mtu kupanda, kisha akajicheka, akauvuta mlango, akaondoa gari. Hatua mia mbele kengele ikaanza.

“Sensa hiyo,” alisema fundi wa Kibondo bila hata kuinama. “Magari ya siku hizi yana sensa kila mahali. Ikila vumbi inachanganyikiwa.”

“Gari limeshuka bandarini juzi. Vumbi limekula saa ngapi?”

“Ndiyo hivyo, mzee. Sensa.”

Kwa hiyo kengele ikamlilia njia nzima ya kurudi. Alipokikaribia tena kile kizuizi ikaharakisha, titititi, mpaka ikawa mlio mmoja usiokatika, na kitasa cha mlango wa kushoto kikaanza kugonga, ko, ko, ko. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Akasimamisha gari kati ya zile nguzo mbili na kutumia dawa ambayo kila dereva anaijua: akauvuta mkanda wa siti tupu, akauchomeka mahali pake. Kelele zikakoma.

Ila mkanda haukulala juu ya siti. Ulisimama mbele yake kiasi cha shubiri moja na nusu, umevimba katikati, kama uliopita juu ya kifua na tumbo. Nurudini aliliona hilo. Akaamua hajaliona, kwa sababu saa tisa ilikuwa imepita na alikuwa na njaa. Akaendesha mpaka Kasulu bila kugeuza shingo upande wa kushoto.

Tangu siku ile kila jibu la fomu likaharibika. Gari liliinama kushoto hata likiwa limesimama uwanjani. Kampuni ilisema lita moja ya petroli itakwenda kilomita kumi na nne. Chiriku lilikwenda tisa, kama gari lililobeba magunia ya mahindi. Harufu nayo ikaingia. Alifua mazulia, akafungua madirisha yote, akaweka hata maganda ya limau, na bado ndani mlinuka mafuta ya bunduki na koti la mvua lililokunjwa likiwa bichi.

Na vijana. Immakulata, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa wa kwanza kupanda mbele. Nurudini alimfyatulia mkanda, mwalimu akakaa, wakazunguka sokoni mara moja. Aliposhuka alijaza sehemu yake haraka. Rangi: nzuri. Redio: nzuri sana. Siti ya mbele: *Mngetuambia mapema kama kuna mtu mwingine.*

“Mtu gani, mwalimu?” Nurudini aliuliza.

“Mzee, mimi nimeandika nilichokiona,” alisema Immakulata, akaenda zake kwa mwendo wa karibu kukimbia.

Cadet alikuwa Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, fundi simu, aliyekuja Kasulu kwa kibali kununua spea. Alilipenda Chiriku tangu mbali, akajipiga nalo picha tatu. Alikaa siti ya mbele kwa muda wa pumzi moja, akaruka nje akaanguka kwa mikono.

“Papa Nuru,” alinong’ona, “pale iko mutu.”

“Hakuna mtu. Ni sensa.”

“Sensa haina magoti, papa. Mi nilikala juu ya magoti yake.”

Habari zikaenea. Kufikia Alhamisi hakuna kijana aliyekubali kupanda, na swali la kumi na nne likabaki wazi: *Siti ya nyuma inachukua watu wangapi bila kubanana?* Nurudini alizunguka stendi akiwabembeleza vijana watatu, watatu tu, wakae nyuma dakika tano. Baadhi walimcheka, na waliobaki wakamkimbia. Jioni simu ikaita.

“Kaka Nuru,” alisema Abbasi, kijana wa kampuni, kutoka Dar es Salaam. “Nimesoma maoni. Nani amekwambia tunataka vichekesho? Vijana wanataka gari lenye swaga, wewe unaniletea habari za magoti?”

“Sikuandika mimi.”

“Halafu kilomita tisa kwa lita! Hilo gari au trekta? Sikia, Jumamosi nenda Kibondo safari moja safi, nitumie picha ya dashibodi nione kumi na nne. Na swali la mwisho lijaze. Bila hivyo yule wa Kigoma anachukua.”

Nurudini aliiweka simu chini, akatukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Mkewe Mwanaheri alimngoja amalize.

“Baba Asia,” alisema taratibu, akilitazama gari dirishani, “hilo si la fundi. Leo mchana nimepita karibu nalo. Kioo cha kushoto kilikuwa na ukungu wa pumzi. Kwa ndani.”

Baada ya swala ya Ijumaa akamleta Maalimu Badru, muuza kanga na viungo ambaye ukoo wake ulitoka Ujiji. Maalimu hakuja na chetezo wala makeke. Aliufungua mlango wa kushoto, akasalimia, akasikiliza. Ule mkanda ukapanda na kushuka, taratibu.

“Ulimfungulia mlango wapi?” aliuliza.

Nurudini akaeleza yote, kwa sauti iliyozidi kushuka kila alipoendelea.

“Pale kizuizini kuna wenyewe tangu zamani,” alisema Maalimu. “Wamekaa wakiwatazama watu, na jini naye huiga kama mtoto. Wako walioiga askari. Wako walioiga wale waliokuwa wakijificha vichakani. Shukuru aliyepanda ni huyu. Ulimwita kazini, akaja. Mliporudi kwao akakugongea mlango ashuke, nawe ukamfunga mkanda.”

“Na kofi nilimpiga.”

“Hilo la kofi umwombe radhi.”

“Soma umtoe sasa hivi, Maalimu. Nimechoka. Wallahi nimechoka.”

“Simtoi. Hakukuvamia, ulimkaribisha, na mgeni hurudishwa na aliyemchukua. Mpeleke mpaka kizuizini kwake, mfungulie, mshukuru, ashuke. Usimshushe pengine popote. Msindikizaji akiwa garini wale wengine hawasogei. Asipokuwapo, wanajua.”

Jumamosi saa sita mchana Nurudini alikuwa sheli, mwisho wa mji, anajaza tangi mpaka pomoni. Maneno ya Maalimu aliyakumbuka vizuri. Lakini alikuwa akiitazama dashibodi. Mpaka kizuizini ni nusu ya njia. Nusu ya njia na mzigo ule ubavuni, ile kumi na nne angeisikia redioni. Siku tano alizungushwa na mafundi, na vijana, na Abbasi, na kiti. Sasa azungushwe na jini pia, aliyepanda bure na kula mafuta ya watu? Hasira ikamfanyia hesabu, nayo hesabu ya hasira haijawahi kutoka sawa.

Akafungua mlango wa kushoto. Akafyatua mkanda.

“Afande, tumefika,” alisema kwa sauti ya chini, mhudumu wa pampu asisikie. “Asante. Na lile kofi, samahani.”

Hakuna kilichotikisika. Kisha kengele ikalia mara moja tu, ti, kama mtu anayeuliza.

“Nimesema tumefika.”

Siti ikalia springi. Upande wa kushoto wa gari ukainuka, polepole, mpaka Chiriku likakaa sawa kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nurudini aliufunga mlango, akaondoka. Kwenye kioo cha pembeni aliona, juu ya sementi iliyomwagiwa maji, nyayo mbili za buti, zimeelekea barabara ya Kibondo, zimesimama pale pale.

Gari likawa gari. Lilipanda vilima likiimba, harufu ilikwisha, redio ikashika vizuri. Katika kijiji cha mwisho kabla ya msitu alipiga picha ya dashibodi, kumi na nne nukta mbili, akaituma kwa Abbasi. Alicheka peke yake mpaka mgongo ukamuuma. Alijiona yuko ofisini, chai mezani, kijana anaingia kuulizia bei.

Mvua ilianza alipoingia msituni, mvua nyembamba yenye ukungu, na ingawa ilikuwa saa tisa tu alasiri ilimbidi awashe taa. Zile nguzo mbili zikatokea mbele. Safari hii hakukanyaga breki, hakugusa mlango, hakusema karibu kwa mtu. Alikaza mikono kwenye usukani akakanyaga mafuta, akapita katikati yake kwa kasi ambayo kampuni isingeiruhusu, na alipokwisha kupita akaachia pumzi, akasema alhamdulillahi.

Ndipo gari likazama nyuma. Si upande mmoja kama zamani, bali nyuma yote, kwa mara tatu, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoruka kwenye gari linalotembea, na kwenye dashibodi zikawaka taa tatu ndogo nyekundu alizokuwa hajawahi kuziona, taa za mikanda ya siti ya nyuma, na kengele ikalia, na ikaja harufu ya bangi na udongo mbichi na chuma, na mtu akacheka kidogo kwa pua, karibu sana na sikio lake la kulia, na mwingine akasema “Sst,” na Nurudini akaelewa kwamba kioo cha juu kipo pale pale usoni pake na kwamba hata akifa hatakitazama.

Simu ikaita. Ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, ikajipokea yenyewe.

“Kaka Nuru!” Sauti ya Abbasi ilijaa gari zima. “Picha nimeiona. Umetisha. Uwakala ni wako, bosi ameshakubali, bado lile swali moja nimalizie fomu. Siti ya nyuma. Wanakaa watu wangapi bila kubanana?”

Nurudini alifungua mdomo.

“Watatu,” alisema.

“Una hakika? Umewahesabu?”

Akakitazama kioo.

“Watatu,” alinong’ona tena. “Wameenea.”

“Safi sana,” alisema Abbasi, akakata simu. Mkono mmoja mrefu ukapenya taratibu katikati ya siti mbili za mbele, ukapapasa nyongani mwa Nurudini mpaka ukakipata kifungo, ukaufyatua mkanda wake.

Ti, ti, ti, ti.