Bastola ya Kapteni Suud

Bi Muhsina alikuwa bado ana joto Nasriya alipomgusa shingo.

Waya wa chaja ya simu ulikuwa umemzama kooni. Fleti ile ya mtaa wa Ghubra, Maskati, ilinuka sigara za watu waliotoka mbio.

Nasriya akampigia Radhia, mkuu wake wa ujasusi.

"Mateka kafa."

"Mumewe anajua?"

"Hajui. Wameangusha simu, amri zao zote zimo humu. Kapteni Suud amtoe rubani mwenzake nje, ajifungie, kisha amshushe Aws jangwani. La sivyo mkewe atachinjwa."

Aws alikuwa mlanguzi wa silaha. Adhuhuri hiyo, akiwa na pingu, angesafirishwa kutoka Maskati kwenda kushtakiwa Salala. Rubani wa ndege hiyo alikuwa Suud, mume wa Bi Muhsina. Na shirika lake la ndege, Marjani, lilikuwa limewaruhusu marubani wabebe bastola, ili kuwalinda abiria.

"Tuizuie ndege?"

"Ikizuiwa, watu wa Aws watatawanyika. Wacha iruke. Wakishakusanyika jangwani, jeshi litawafagia."

"Mna watoto ndani, bibi."

"Basi usikosee."

Ndege iliporuka, Nasriya alikuwamo, kavaa sare ya wahudumu. Chini ya sinia yake ilifichwa bastola ya Beretta.

Kisikilizio kikakoroma sikioni. Alikuwa Radhia.

"Wamefika wote jangwani. Mkomeshe Kapteni."

Mlango wa marubani ulikuwa wa chuma. Ukifungwa kwa ndani, hata risasi haiufungui. Waliouunda walimwogopa mwizi wa nje.

Talal, rubani msaidizi, akatoa kichwa.

"Kapteni ananifukuza, eti nikajinyooshe! Haya, nani anaingia?"

Kanuni ilikuwa moja: rubani habaki peke yake. Mmoja akitoka, mhudumu huingia. Walanguzi hawakuijua. Suud aliijua, wala hakuwaambia.

Nasriya akaingia. Kitasa kikalia nyuma yake.

Glock ya Suud ilikuwa tayari imeinuliwa.

"Toka, mwanangu."

"Kanuni hainiruhusu, ami."

"N'takuua! Wallahi n'takuua!"

"Niue. Halafu utamwambia nini Bi Muhsina?"

Mtutu ukashuka kidogo.

"Umemjuaje?"

"Tumemtoa Ghubra asubuhi. Yuko hospitali, anawagombeza wauguzi. Anasema chai gani hii haina iliki, wamemletea maji ya kuoshea vikombe."

Suud akatoa kicheko kilichovunjika katikati.

"Ndiye. Ndiye huyo! Hata kwa mamangu aliirudisha chai."

Nasriya hakupata kumwona Muhsina akiwa hai. Maneno yale aliyaazima kwa mama yake mwenyewe, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Darsait, mtaa wa Maskati. Wanawake wa Unguja wa umri ule, kama Muhsina, chai isiyo na iliki hawaisamehe.

"Nipe bastola, ami. Turudi nyumbani."

Akampa.

Talal aliporudi, ndege ilikuwa imeshageuza pua kuelekea Maskati. Suud aliirusha kwa utulivu, machozi yakimdondoka kwenye tai.

Kisikilizio kikakoroma tena.

"Jangwani kwisha. Hakusalimika mtu."

"Vyema."

Uwanjani, askari walimburuta Aws kwanza. Suud akashuka wa mwisho, akamkamata Nasriya mkono chini ya ngazi.

"Nipigie hospitali. Nna hamu niisikie sauti yake."

Nasriya akamtazama usoni.

"Bi Muhsina alikufa kabla hatujaruka."

"Na chai?"

"Nilitunga."

Suud akakaa kwenye ngazi. Kofia yake ikabiringika hadi kwenye gurudumu, asiiokote. Askari wawili wakasogea na pingu. Hakuwaona.

"Ungenambia," alinong'ona. "Ungenambia, mwanangu."

"Ningekwambia, ungetuangusha sote."

Askari wakamfunga pingu.

Simu ikatetema. Radhia.

"Rubani vipi?"

"Mzima."

Nasriya akakata simu, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akakatiza uwanja kwenye jua kali kuelekea Land Cruiser yake. Nyuma mzee alianza kulia kwa sauti.

Hakugeuka.