Sauti ya Mzee Ndahani

Kinenaji kilikuwa pete nyembamba ya shaba iliyovaliwa shingoni. Kilinasa mishtuko ya neva kwenye koo lililopooza, kikaigeuza kuwa maneno, na mtu aliyenyamazishwa na maradhi akasikika tena. Katika hospitali kuu ya Dodoma wagonjwa wengi walizungumza kwacho. Mzee Ndahani, fundi mwashi aliyepigwa na kiharusi, alikivaa wiki moja, akakivua, akakataa katakata kukirudisha.

Remija Haule, aliyeandika programu ya pete hiyo, alitumwa na kampuni yake kuuliza sababu. Aliyejibu ni mke wa mzee, Bi Yunisi.

"Mwanangu, huyo anayeongea humo simjui. Anasema kama mtangazaji wa redio. Mume wangu ana kigugumizi tangu utotoni."

Remija alielewa papo hapo. Kila alichoandika alikipitisha kwenye Kinyooshi, akili bandia iliyosawazisha programu za kampuni nzima. Kinyooshi kilikihesabu kigugumizi kuwa kasoro, kikakifuta. Naye hakukihoji. Kwa miaka hakuwa amethubutu kutoa hata mstari mmoja wa mkono wake mwenyewe, kwa kuogopa wenzake wasije wakaona alipokosea. Kazi yake ilitoka safi, lakini ilikuwa imemchosha hadi akawa anafikiria kuiacha.

Alimwomba mkuu wake, Mhandisi Mlowe, ruhusa ya kuiandika upya sehemu hiyo bila Kinyooshi. Mlowe alimkumbusha kwamba ikiharibika hakutakuwa na wa kumsingizia. Remija akasema anajua. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mara kadhaa kidole kilielekea kitufe cha Kinyooshi, akakirudisha nyuma.

Siku ya kujaribu, mzee alipofungua kinywa, pete ilitoa mkwaruzo mtupu. Madaktari wakamgeukia Remija. Jambo alilolikimbia miaka yote lilikuwa limemkuta mbele za watu.

"Nimekosea mahali," alisema. "Nipeni nafasi niangalie."

Aliketi ukingoni mwa kitanda, kompyuta mapajani, akatafuta mpaka akaliona kosa, akalirekebisha. Hakuna aliyecheka. Bi Yunisi alimshikia tu waya usichomoke.

Mzee akajaribu tena.

"Yu... Yu-Yunisi," pete ilisema, ikikwama na kujikwamua, "mbo-mbona umekonda?"

Bi Yunisi alijifunika uso kwa kanga. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyu."

Remija alitoka nje ya wodi, akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu. Herufi "s" bado ilitoka kwenye pete kwa mluzi, kosa dogo lililobaki. Hilo alilisikia vizuri. Zamani lingemnyima usingizi. Sasa alikuwa ameshaanza kuwaza aanzie wapi kulitafuta kesho, na akagundua kwamba anaitamani hiyo kesho.