Bastola ya Hatua Tatu

Kasha lilikuwa wazi juu ya meza, na ndani yake mlikuwa na bastola mbili. Jana yake zilikuwa tatu.

Shaushi Asajile, sajini wa polisi ya bandari ya Mwaya, aliinama akatazama lile shimo la mahameli lililobaki tupu. Kiganja cha mtu kingelifunika lote. Jamani, kitu kidogo namna ile! Aliyekichukua angeweza kusimama ubavuni pako, akakuamkia "ugonile, tata", yaani umelalaje, baba, nawe ukaitikia vizuri tu.

"Na risasi tano," alisema Bwana Forodha, Mjerumani aliyesimamia bandari. Mkono wake mmoja haukutoka juu ya kasha. "Ufunguo wa kasha anao mpishi. Keshokutwa adhuhuri anafungwa mnyororo aende Tukuyu. Kule wana kamba ya kunyongea watu wa namna hii. Kama si yeye, niletee mwingine."

Mpishi alikuwa Raphaeli, Mkisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, mtu wa kuogopa hata kuku wa Bwana. Asajile hakuamini hata kidogo. Lakini nani sasa?

Wiki nzima Bwana alikuwa akichagua bastola ya kuvaa kwa siri. Alivaa moja ndani ya koti, akatembea barazani, akaichomoa ghafla, akapiga vyungu vya Kikisi vilivyopangwa uani. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ikanasa kwenye bitana. Ya pili ilikuwa nzito, ikavuta koti upande mmoja, lakini vyungu ilivivunja. Ya tatu haikuonekana kabisa, ila haikupata chungu mpaka Bwana alipokisogelea hadi hatua tatu.

"Mjinga gani atamngoja adui amfikie hatua tatu?" alicheka Bwana, akachagua ya pili.

Na mwizi akachukua ya tatu. Hapo ndipo Asajile alipozidi kuogopa. Huyu hakuokota tu. Aliyaona majaribio yote, naye alijua mtu wake angekuwa karibu.

Siku mbili alipekua. Alipindua mitungi, akachoma fimbo kwenye magunia ya mpunga, akavua watu mashuka njiani. Kila mtu aliyejitanda nguo alimtoa jasho. Hakupata kitu.

Siku ya pili, mchana, alirudi mahabusu kwa Raphaeli.

"Ufunguo huwa wapi?"

"Shingoni, tata. Nikioga nautundika."

"Unaoga wapi?"

"Uani, penye kamba za kuanikia."

"Nani walimwona Bwana akizijaribu bastola?"

"Mimi. Na wewe, ulikuwa zamu."

"Wawili."

Raphaeli akainamisha kichwa. "Watatu, tata."

"Huyo wa tatu mbona sikumwona?"

"Ukiingia uani anajificha nyuma ya mashuka. Ukitoka, anatoka."

Asajile aliketi chini kwenye vumbi na sare yake.

Mkamwana wake! Tulinagwe, mke wa mwanawe Anyitike, ndiye aliyemfulia Bwana. Na kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hukimbia njia akisikia mkwewe anakuja. Naye mkwe hamtazami, haingii kwake, jina lake halitaji. Miaka miwili Asajile alikuwa amejizoeza kutomwona. Na katika nyumba zote alizopekua, moja tu aliipita kichwa kikiwa kimegeukia upande mwingine. Wala hakukumbuka kwamba ameipita.

Alikwenda kwenye nyumba hiyo na mkewe, Felista. Yeye aliketi nje, mgongo ukutani. Felista aliketi mlangoni, maneno yapite kwake.

"Mwulize, bastola anayo?"

"Anakuuliza, bastola unayo?"

"Mwambie ninayo," sauti ilijibu ndani.

"Anayo," alisema Felista.

"Kwa nini hiyo ndogo?"

"Mwambie inakaa chini ya kaniki. Mwambie nimejizoeza siku nne na kipande cha mti, kukitoa na kukirudisha, mpaka mkono haukwami tena."

"Hatua tatu atazipataje?"

"Mwambie Bwana hunivuta mwenyewe. Hatua tatu kwangu ni mbali."

Felista alishindwa kulirudia hilo. Aliziba mdomo kwa upande wa nguo.

"Mwulize," Asajile alisema kwa shida, "mbona hakusema?"

Kisha Tulinagwe akamruka mama mkwe wake pale mlangoni, akaja kusimama mbele ya Asajile, kichwa wazi, akamkazia macho. Shaushi mzima alijifunika uso kwa mikono.

"Nilisema, tata! Nilimtuma mama huyu kwako mara mbili. Anyitike ulimwandika wewe kwenye upagazi wa Iringa. Kwa Bwana ulinipeleka wewe, nikafue. Mama alipokueleza ulisema Bwana ni Bwana. Sasa ameniita tena kesho jioni."

Ni kweli Asajile alisema hivyo. Alikuwa akila ndizi, na hata hakuacha kutafuna.

Kumpeleka Tulinagwe ni kumpeleka kwenye kamba. Kumficha ni kumwachia kamba Raphaeli. Asajile alilia pale ukutani, tena kwa sauti, bila kuona haya.

"Felista," alisema mwishowe, "mchukue, mpande mtumbwi sasa hivi. Mto Songwe mvuke, muwe kwa Waingereza kabla ya kesho adhuhuri. Bastola iacheni."

Kesho yake adhuhuri Raphaeli alikuwa ameshafungwa mnyororo shingoni. Asajile aliingia barazani, akaweka bastola mezani na risasi tano kando yake.

"Vizuri!" alisema Bwana. "Alikuwa nayo nani?"

"Mpishi afunguliwe kwanza."

Akafunguliwa.

"Haya. Nani?"

"Mimi."

Bwana alianza kucheka, akaacha. "Wewe? Ulitaka kumpiga nani?"

Asajile aliogopa, wee, aliogopa ile kamba ya Tukuyu kuliko kitu chochote alichowahi kuogopa.

"Wewe, Bwana."

"Mimi? Nimekukosea nini?"

Asajile akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe.

"Tulinagwe," alisema. "Mke wa mwanangu."